Paa Halivuji Katikati ya Bati

Mvua hupimwa kwa milimita, na pengine ndiyo sababu wengi huidharau. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba ya vyumba vitatu yenye paa la mita za mraba 150 ikipigwa na mvua ya milimita 50, jambo lisilo la ajabu kwa siku moja ya masika Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, imemwagiwa lita 7,500, yaani matangi saba na nusu ya lita 1,000. Mahali panapopata milimita 1,000 kwa mwaka, paa hilo hilo hupitisha lita 150,000. Paa limewekwa ili maji hayo yaondoke haraka, yafike ukingoni na kuanguka mbali na ukuta. Maji yaliyocheleweshwa huanza kutafuta pa kupenya, na karibu kila mara huambulia kwenye ungio.

Bati zima, lisilo na kutu wala tundu, halipitishi maji hata likiwa jembamba kiasi gani. Kigae kizima hali kadhalika. Nyumba huvuja pale msumari ulipotoboa, pale bati moja linapolalia jingine, chini ya kofia inayofunika kilele cha paa, kwenye vali ambako pande mbili za paa zinakutana na kuinama, kando ya ukuta uliopanda kuliko paa, na kuzunguka kila bomba au chuma kilichopitishwa juu. Hata hivyo mwenye nyumba akifika dukani huulizia rangi, mgongo na geji. Ni maswali ya haki, na jibu la geji lafaa alielewe: namba ikipanda, bati linapungua unene, kwa hiyo geji 28 yenye karibu milimita 0.4 ni nzito kuliko geji 30 yenye karibu milimita 0.3. Lakini mtu huyo huyo aliyelipa mamilioni kwa bati zuri la rangi ya zambarau hubana matumizi kwenye misumari, huacha fundi akate vali kutoka kwenye vipande vilivyobaki, na hununua kofia fupi zisizofunika vizuri. Fedha za paa hugawanywa kinyume: nyingi huenda mahali pasipovuja.

Katika Afrika Mashariki kuzungumzia paa ni kuzungumzia mabati kwanza. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa takriban kaya nane kati ya kumi zinaishi chini yake, na yeyote anayetazama Dodoma, Bukoba au Kisumu kutoka mlimani haoni tofauti kubwa. Bati la migongo lilipata hataza London mwaka 1829 kwa jina la Henry Robinson Palmer, na fikra yake bado ni ile ile: chuma chembamba kikikunjwa huwa kigumu, na mikunjo hiyo huyapa maji njia. Maji hupita bondeni, mgongo hubaki mkavu kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana msumari wa bati hupigwa mgongoni. Fundi mwenye haraka huupiga bondeni kwa sababu hapo bati limelala juu ya papi, mbao inayobeba bati, na msumari unashika mara moja, bila kubonyeza mgongo. Tundu lake basi linabaki katikati ya mkondo, na kila mvua inayonyesha inapita juu yake.

Hata msumari uliopigwa mahali pake una adui, na adui huyo ni jua. Bati lililopigwa na jua la saa saba mchana huweza kuwa na joto la nyuzi 40 zaidi ya lilivyokuwa alfajiri. Chuma cha urefu wa mita 6 kikipata tofauti hiyo hurefuka kwa karibu milimita 3, na alumini hurefuka karibu mara mbili ya hapo. Usiku bati husinyaa tena. Mwendo huo mdogo hurudiwa kila siku, mwaka baada ya mwaka, na kila mara bati huvuta msumari huku na kule. Tundu la duara hugeuka kuwa refu kidogo, msumari unalegea kwenye mbao, na kichwa chake kinainuka nusu milimita. Mpira ulio chini ya kichwa, ambao ndio uliokuwa ukizuia maji, nao unakauka na kupasuka. Mvua moja tu ya kiangazi ikija ghafla, chumba kinapata tone mahali ambapo hapakuwa na tatizo kwa miaka minane. Mwenye nyumba husema paa limeharibika ghafla. Kumbe limekuwa likilegea tangu siku ya kwanza.

Skrubu za kujitobolea, zenye washa ya mpira, hushika vizuri kuliko misumari kwa sababu hesi zake hazitoki kirahisi kwenye mbao. Lakini nazo zinataka mkono wenye kiasi. Ikikazwa mno, mpira hubanwa ukatokeza pembeni na kupasuka mapema. Ikiachwa bila kukazwa, maji yanapita chini yake. Skrubu iliyokaa sawa huonekana kwa macho: mpira unaonekana kidogo tu kuzunguka washa, na haujabinuka. Mwenye nyumba anaweza kukagua hilo akiwa kwenye ngazi tu, hana haja ya utaalamu.

Ungio la bati kwa bati lina hila yake. Pale ambapo mabati mawili yamelaliana kwa kubanana sana na paa limelala mno, maji hunyonywa katikati yao na kupanda dhidi ya mteremko, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Paa lenye mteremko mzuri halisumbuliwi sana na jambo hili, kwa kuwa maji hayakai. Kwa hiyo mteremko na urefu wa kulaliana hupangwa pamoja: paa la mwinuko wa kawaida likilaliwa sentimita 15 mwisho wa bati linatosha, lakini paa lililolala linahitaji sentimita 20 hadi 30 na uzi wa kuzibia ndani ya ungio. Pembeni, kwa migongo midogo, bati hulalia jingine mgongo mmoja na nusu au miwili. Fundi anayelaza mgongo mmoja ili bati zitoshe anampunguzia mteja gharama ya bati mbili tatu na kumwachia uvujaji wa miaka.

Kisha kuna upepo. Mabati hupangwa kuanzia upande ulio mbali na upepo wa mvua, ili ukingo wa juu wa kila ungio uupe upepo mgongo. Pwani, masika huja wakati kusi inaanza kuvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, na vuli huja kabla kaskazi haijashika. Nyumba inaweza kupita masika yote salama, halafu ikavuja vuli, kwa sababu mvua sasa inasukumwa kutoka upande mwingine. Jambo hili huwachanganya mafundi wanaoitwa kurekebisha: wanapanda juu Juni, hawaoni kitu, wanapaka lami mahali wanapodhani, na Novemba chumba kinalowa upya. Anayeishi kwenye nyumba akiandika tarehe, chumba na upande wa upepo kila inapovuja, huwa amemfanyia fundi nusu ya kazi.

Maungio yanayoharibika zaidi katika nyumba za leo ni yale ya paa lililofichwa nyuma ya kuta. Mtindo huu umeenea sana mijini Tanzania na Kenya: ukuta wa nje unapandishwa, bati linateremka ndani yake, na kwa mtu aliye barabarani nyumba inaonekana kana kwamba imekatwa kwa kisu. Kwa macho ni nzuri. Kwa maji ni mtihani, kwa sababu paa la kawaida likivuja ukingoni maji huanguka nje, ilhali hili likivuja ukingoni maji huanguka sebuleni. Mfereji wa ndani, ulio kati ya mwisho wa bati na ukuta, unabeba maji yote ya upande huo wa paa. Ukiwa mwembamba kiasi kwamba mguu wa mtu hauwezi kuingia, hautasafishwa kamwe. Ukiwa na tundu moja tu la kutolea maji, jani moja la mwembe na kiota cha ndege vinatosha kuujaza.

Wanaojenga kwa mtindo huu wanapaswa kusimamia mambo matatu kabla ya plasta ya mwisho. Mfereji uwe na mteremko unaopimika, angalau milimita 5 kwa kila mita, na upana wa kutosha kuingia kwa miguu na ufagio. Pawepo tundu la dharura linalotoboa ukuta chini kidogo ya ukingo wa ndani wa mfereji, ili bomba la kawaida likiziba maji yatoke nje na kuonekana. Maji yanayotiririka kutoka kwenye tundu hilo ni taarifa kwamba mfereji umeziba, na taarifa hiyo hutolewa bure. La tatu ni bati linalofunika ungio la paa na ukuta. Hapa ndipo palipo na kosa linalorudiwa kila mtaa. Fundi hukunja bati, huliegemeza ukutani, kisha hupaka saruji juu ya ukingo wake. Saruji ni ngumu, bati hutembea kwa joto. Ndani ya kiangazi kimoja ufa mwembamba kama unywele hutokea mahali hapo, na maji huanza kuteremka nyuma ya bati, ndani ya ukuta. Inavyotakiwa, mfuo huchongwa ukutani, ukingo wa bati huingizwa ndani ya mfuo huo angalau sentimita 15 juu ya paa, kisha mfuo huzibwa kwa kitu kinachonyumbuka. Juu ya ukuta nako kunahitaji kifuniko chenye mteremko wa kuelekea ndani, la sivyo maji ya mvua hukaa juu ya matofali na kupenya taratibu hadi kwenye rangi ya chumbani.

Gata, kwa paa za kawaida, hazina siri nyingi. Hata hivyo mwenye nyumba anayefagia uwanja kila asubuhi huweza kukaa miaka mitano bila kutazama gata. Majani ya mwarobaini, mavi ya ndege na vumbi la barabara hutengeneza udongo, na katika gata za nyumba fulani mimea imeota kabisa. Maji yakikosa pa kupita hurudi nyuma chini ya ukingo wa bati, yakalowesha mbao ya juu ya ukuta na vichwa vya kenchi. Mbao yenye unyevu humwita mchwa. Gata husafishwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, na ikiwa kuna mwembe au mkungu karibu, mara tatu. Aliyeunganisha gata na tangi la kuvunia maji ana sababu ya pili ya kufanya hivyo, kwa sababu uchafu huo ndio utakaomfikia jikoni.

Paa likishamalizika, watoboaji wapya huanza kupanda. Anakuja fundi wa dishi, akachimba matundu manne na kuondoka. Anafuata wa sola, wa kamera, wa tangi la maji, na wa kiyoyozi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeitwa kwa ajili ya paa, na kwa hiyo hakuna anayejiona na deni nalo. Mara nyingi silikoni nyeupe ya bei nafuu hupakwa juu ya skrubu, ikawa ndiyo yote. Ingefaa mwenye nyumba awe na desturi ya kusimama hapo anapotobolewa paa, kuuliza kila skrubu itaingia mgongoni au bondeni, kudai washa ya mpira, na kuhesabu matundu ya zamani yaliyoachwa wazi baada ya chombo kuhamishwa. Paneli za sola zina faida kubwa, lakini zikishafungwa paa lililo chini yake halionekani kwa miaka 20 au zaidi. Ni busara kukagua na kubadilisha misumari ya sehemu hiyo kwanza.

Bati huliwa na kutu kwa sababu ambazo mwenye nyumba hawezi kuziona dukani. Pwani ni chumvi ya hewani, ambayo hulala juu ya bati usiku ikakauka mchana. Mvua huisafisha, kwa hiyo sehemu zisizopata mvua, kama chini ya upenu, ndizo huanza kushika kutu. Mahali popote, sababu ya pili ni grenda. Fundi akikata bati kwa grenda, cheche zake ni vipande vidogo vya chuma chenye moto vinavyotua juu ya mabati mapya na kujichomeka kwenye rangi. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila kipande kinakuwa doa la kahawia, na mwenye nyumba hukimbilia dukani kulalamika kwamba ameuziwa bati bovu. Mkasi wa bati hauna tatizo hilo. Vumbi la kutoboa nalo linafaa kufagiwa jioni ile ile. Saruji mbichi iliyodondoka juu ya bati ioshwe kabla haijakauka, kwani zinki haielewani na saruji.

Nyumba za zege, ambazo mwenye nyumba huacha paa lililolala akitumaini kuongeza ghorofa siku moja, zina hesabu tofauti. Zege halina mgongo wala bonde. Likiwa sawa kabisa, maji hutua na kukaa. Mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita 4 ndio kiwango cha chini cha kawaida. Wengi hupiga plasta juu na kuamini kazi imekwisha, ilhali plasta hupasuka kwa jua kama uso wa tope. Zege linahitaji tabaka la kuzuia maji, iwe ni mikeka ya lami inayochomwa kwa moto wa gesi au mchanganyiko unaopakwa, na tabaka hilo liende juu kwenye kuta za pembeni na kuzunguka mabomba. Kabla ya kupokea kazi kama hiyo, mwenye nyumba ana haki ya kudai jaribio: matundu ya kutolea maji yazibwe, maji ya kina cha sentimita 5 yamwagwe, na yakae saa 24 huku dari ya chini ikitazamwa. Sentimita hizo 5 ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba, mzigo ambao zege lililojengwa kwa mahesabu hubeba, lakini lililomwagwa kwa kukadiria huenda lisistahimili, na hapo aulizwe mhandisi kwanza.

Paa tambarare si ugeni wa Pwani. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ziliezekwa kwa boriti za mikoko, mawe ya matumbawe na chokaa iliyopigwa kwa vijiti kwa siku nyingi hadi ishikamane, na maji yakatolewa kwa milizamu iliyotokeza nje mbali na ukuta. Chokaa ile ilitaka kupakwa upya kila baada ya muda. Palipokosekana mikono ya kufanya hivyo, nyumba nyingi ziliishia kuwekewa paa la mabati juu ya sakafu ile ya zamani. Makuti nayo yanadai mwinuko mkali, karibu nyuzi 45, kwa sababu tone linapaswa kuteleza juu ya majani kabla halijafyonzwa. Makuti yaliyolazwa huoza mapema. Kwa vigae jambo la kukumbuka ni moja: kigae chenyewe si kizuizi cha mwisho, kwani mvua yenye upepo hupenyeza maji kidogo, na karatasi iliyotandazwa chini yake ndiyo inayoyarudisha gatani. Karatasi hiyo ikichanika hakuna anayejua mpaka dari ilowe.

Dari ikilowa, dalili huja kwa mpangilio wa aina yake. Kwenye jipsamu hutokea doa la manjano lenye mpaka wa kahawia, na kila mvua huongeza mpaka mwingine nje ya ule wa kwanza, hivi kwamba pete hizo zinaweza kuhesabiwa. Kwenye silingi bodi, ubao hubinuka na misumari yake kuacha alama za kutu. Ukutani rangi hufura kama malengelenge, kisha unga mweupe wa chumvi hujitokeza. Mara nyingine hakuna doa lolote ila harufu ya ukungu kwenye kabati la nguo lililogusana na ukuta wa nje. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kuvuja kwa paa hakumnufaishi yeyote ila muuza rangi, maana jambo la kwanza ambalo wengi hufanya ni kupaka rangi juu ya doa. Anayepaka kabla ya kuziba amejiondolea ushahidi.

Doa halioneshi mahali paa lilipotoboka. Maji yakiingia hufuata upande wa chini wa bati hadi kwenye papi, hufuata papi hadi kwenye kenchi, huteremka kwenye kenchi, na kudondoka mahali penye kifundo cha mbao au msumari. Umbali wa mita 2 au 3 kati ya tundu na doa ni wa kawaida. Kwa hiyo msako huanza kwenye doa na kupanda juu, kuelekea kofia, wala haushuki. Njia rahisi ni kuingia ndani ya dari mchana wa jua kali, taa zikiwa zimezimwa, na kusubiri dakika chache macho yazoee giza: tundu lolote huonekana kama nyota. Matundu ya misumari hayaonyeshi mwanga daima, ila huacha mchirizi mweusi kwenye mbao, na mchirizi huo hufuatwa kwa kidole hadi ulipoanzia. Mvua ikinyesha, mtu mwenye tochi na chaki huweka alama juu ya mbao palipolowa. Anayeingia humo hukanyaga kenchi tu. Jipsamu haibebi mtu.

Mvua ikikawia, mpira wa maji hufanya kazi yake. Mmoja hubaki ndani ya dari, mwingine humwagia paa kuanzia chini kwenye ukingo, dakika kadhaa mahali pamoja, kisha hupanda kidogo kidogo. Kosa la kawaida ni kuanzia juu kwenye kofia, kwani maji yakiteremka yanalowesha kila kitu na hakuna anayejua yameingilia wapi. Wanaomwagia waelekeze maji kama mvua, wasiyarushe kuelekea juu chini ya maungio, la sivyo watazua uvujaji ambao haupo.

Si kila tone ni la mvua. Katika nyanda za baridi, kama Njombe, Mufindi, Limuru au Kabale, bati lisilo na dari huota umande upande wa ndani usiku wa Juni na Julai. Pumzi ya watu na mvuke wa jikoni hugandia chuma baridi na kudondoka alfajiri. Uvujaji wa aina hiyo hutokea bila mvua, huenea paa zima, na hukoma jua likipanda. Dawa yake ni matundu ya hewa na dari, wala si lami. Doa linalokua wakati wa kiangazi huashiria bomba, tangi lililo juu ya dari au maji ya kiyoyozi, na mita ya maji ikiendelea kuzunguka bomba zote zikiwa zimefungwa huthibitisha kuwa ni bomba au tangi.

Kuna tahadhari tatu zisizofaa kuchukuliwa kwa utani. Maji yakionekana karibu na taa au feni ya dari, swichi kuu izimwe kwanza. Jipsamu iliyofura kwa maji itobolewe tundu dogo kwa bisibisi, ndoo ikiwa chini, kwani ikiachwa huanguka nzima juu ya vitu na watu. Na paa la zamani la kijivu la simenti na asbesto, ambalo bado lipo kwenye shule na nyumba nyingi za miaka ya 1960 na 1970, lisikanyagwe, lisitobolewe wala kusuguliwa: huvunjika ghafla chini ya mtu, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Kuliondoa ni kazi ya wenye kibali.

Kuhusu viraka, lami na silikoni zina mahali pake: kwenye tundu moja, juu ya bati lililosuguliwa likakauka, kwa msimu mmoja. Zikipakwa juu ya vumbi na kutu hubanduka, tena huzuia maji kutoka na kufanya bati lioze chini yake. Msumari uliolegea hauzibwi. Hung'olewa, na skrubu nene kuliko msumari huwekwa mahali pake ikiwa na washa mpya. Vali iliyotoboka hubadilishwa nzima. Paa lenye misumari iliyolegea upande mzima, mbao zake zikiwa bado ngumu, hupigwa skrubu zote kwa siku mbili tatu na kuishi tena miaka mingi kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na kuezua. Lakini bati likianza kuonyesha mwanga katikati, mbali na msumari, au papi ikikubali bisibisi kuzama, viraka ni kupoteza fedha, na kuezua ndiko kuna nafuu.

Anayejenga upya ana silaha moja ambayo wenye nyumba wengi huiachia mapema: malipo. Makubaliano na fundi wa paa yaandikwe, yataje geji, aina ya skrubu, urefu wa kulaliana na jinsi ukingo wa bati utakavyoingizwa ukutani, na sehemu ya mwisho ya ujira wake ibaki mkononi mwa mwenye nyumba mpaka paa lipigwe na mvua kubwa mbili. Fundi anayeiamini kazi yake hakatai sharti hilo. Anayelikataa aachwe aende, hata kama bei yake ni ya chini.